Faili Halijapotea, Folda Ndiyo Imechelewa



Kazi nyingi za ukatibu wa msikiti zimehama kutoka katika daftari na kuingia katika kompyuta. Michango ya ujenzi, majina ya wanafunzi wa madrasa, hesabu za zaka na sadaka, mihutasari ya vikao: vyote huwekwa ndani ya folda, ambayo wengine huiita kabrasha. Huku kwetu Sibwesa, kama katika vijiji vingi, kompyuta huwa moja na wanaoitumia huwa watatu au wanne. Ndiyo maana hitilafu ndogo ninayoieleza leo yaweza kuzaa neno kubwa.

Hitilafu yenyewe ni hii: mtu huhifadhi faili jipya, kisha akafungua folda asilione. Au hulifuta faili, nalo likaendelea kuonekana palepale. Au hulibadilisha jina, na jina la zamani likabaki. Folda imeacha kujionyesha upya yenyewe kama ilivyo kawaida yake.

Kabla ya dawa, tuujue ugonjwa. Dirisha la folda tunaloliona kwenye kioo si sanduku lenyewe, bali ni picha ya yaliyomo sandukuni. Faili linapoandikwa katika diski, mfumo wa Windows huipasha habari programu iitwayo File Explorer, nayo huchora picha upya. Habari hiyo ikichelewa au ikipotea njiani, picha ya zamani hubaki. Hutokea zaidi kompyuta inapozidiwa na kazi, folda inapojaa maelfu ya mafaili, au folda inapokuwa katika kompyuta nyingine iliyounganishwa kwa mtandao. Mara nyingi faili liko salama. Picha ndiyo iliyopitwa na wakati.

Madhara huja pale watu wanapoamua kwa haraka. Mmoja, akiikosa orodha ya michango, huiandika upya kwa kukumbuka na kuihifadhi kwa jina linalokaribiana na la kwanza. Kesho yake orodha zote mbili zinaonekana, na jumla hazilingani. Aliyetoa mifuko ya saruji anajikuta yumo katika moja, katika nyingine hayumo. Hapo minong'ono huanza, na mweka hazina hutazamwa kwa jicho la shaka hali ya kuwa hana kosa. Mwingine huibeba kompyuta hadi Mpanda mjini, akalipa nauli na ujira, fundi akaipiga windo upya. Na kumbukumbu zilizokuwa salama zikapotea kweli.

Basi tufuate hatua kwa utaratibu.

Kwanza, ukiwa ndani ya folda, bonyeza kitufe cha F5. Katika baadhi ya kompyuta mpakato hubidi ukibonyeze pamoja na kitufe cha Fn. Au bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu, kisha uchague neno "Refresh". Amri hii haifuti wala haiongezi chochote. Huagiza tu picha ichorwe upya. Wapo waibofyao mara kumi wakidhani inaipa kompyuta kasi. Haiongezi kasi, mara moja yatosha. Kisha panga mafaili kwa tarehe, kwa kuwa huenda faili jipya limekaa mkiani mwa orodha.

Pili, hakikisha ulihifadhi wapi. Fungua programu uliyoandikia, iwe Word au Excel, utazame orodha ya mafaili ya karibuni. Likifunguka hapo, halikupotea. Angalia tu limo katika folda gani. Wengi hudhani wamehifadhi katika flashi, kumbe faili limebaki ndani ya kompyuta.

Tatu, iwapo picha bado haibadiliki, ianzishe upya File Explorer pekee. Hifadhi kazi zako, ungoje unakili wowote unaoendelea umalizike, kisha bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc. Katika orodha itakayotokea, chagua Windows Explorer, halafu "Restart". Kioo kitatoweka kwa muda mfupi na kurejea. Usishtuke, mafaili hayaguswi.

Nne, tatizo likiwa la kujirudia, fungua mipangilio ya folda, na katika ukurasa wake wa kwanza ubofye "Clear". Kinachofutwa ni kumbukumbu ya mahali ulikopita, si mafaili yenyewe. Kisha izime kompyuta na kuiwasha upya.

Tano, tatizo likiwa katika flashi peke yake, shuku flashi. Nakili kwanza vilivyomo, ndipo uikague. Na ukiona folda zako zimegeuka vijialama vya njia ya mkato vyenye majina yaleyale, hilo si suala la picha kuchelewa. Hiyo ni dalili ya kirusi. Usivibofye, ikague flashi kwa programu ya kuzuia virusi.

Ikibidi kwenda kwa fundi, sharti la kwanza liwe kunakili mafaili yote mahali pengine kabla hajagusa kitu, na mjumbe mmoja wa kamati ashuhudie.

Zaidi ya hatua hizo kuna adabu ya kazi. Orodha moja iwe na mtunzaji mmoja. Jina la faili libebe tarehe. Nakala ya pili ikae katika flashi iliyofungiwa kabatini. Na baada ya kila kikao chapa orodha karatasini itiwe saini. Karatasi haihitaji kuonyeshwa upya.

Suratul Hujurat, katika aya ya 6, inatufunza kuichunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Mwenye kusema "faili limepotea" naye ameleta habari. Kabla hatujauliza ni nani aliyelifuta, tuulize kwanza: je, F5 imebonyezwa? Swali hilo dogo laweza kuhifadhi heshima ya ndugu yetu.

Wabillahi tawfiq.