Neno Dogo, Kosa Kubwa

Wako watu wanaodai kuwa Kiswahili ni maskini kwa sababu hakina neno moja la kukaa mahali pa neno la Kiingereza cha mitaani, "bummer". Dai hili hutolewa kama elimu. Si elimu, ni uvivu uliovaa joho.

Na litazamwe neno lenyewe. Lilizaliwa Marekani katika karne ya 19, kutokana na neno la Kijerumani la mzururaji. Mwaka 1864, jeshi la Jenerali Sherman lilipopita Georgia, askari waliotawanyika mashambani kunyang'anya vyakula waliitwa kwa jina hilo. Katika miaka ya 1960 watumiaji wa dawa za kulevya walilitumia kwa njozi iliyogeuka kitisho. Baadaye likapoa, likawa neno la jambo lililokwenda kombo: mvua imeharibu mchezo, tikiti zimekwisha. Basi ni neno la hasara ndogo. Alitamkaye penye matanga huonekana hana adabu.

Hapa ndipo mfasiri wa haraka anapoanguka. Huandika "kuvunjika moyo", na kijana aliyekosa tikiti hugeuka mfiwa. Au huandika "pole" kila mahali, asikumbuke kuwa pole ni tunu apewayo mwingine. Ina hata wingi wake, "poleni". Aliyepatwa hajipi pole, huipokea. Neno la Kiingereza halichagui: mwenye hasara hulisema, na msikilizaji humrudishia lilo hilo.

Kiswahili kimegawa kazi hiyo. Mwenye hasara hupiga "lahaula!", au husema ameambulia patupu, vijana wa mjini husema "imekula kwangu". Mwenzake hujibu "pole". Je, lugha inayotenga kilio cha aliyepatwa na faraja ya mwenziwe imepungukiwa? Haikupungukiwa; imezidi. Lililo neno moja kwa Kiingereza ni mazungumzo ya watu wawili kwa Kiswahili, na mfasiri sharti kwanza aulize ni nani asemaye.

Mwanafunzi anayefundishwa kupima lugha yake kwa pishi ya wengine ataiona pungufu daima, na mwisho ataacha kutafuta yaliyomo ghalani mwake. Hasara hiyo si ndogo, wala haina pole. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Na mfasiri ajikwaapo, hujikwaa kwa ndimi mbili.