Usikivu wa redio usiishie ufukweni

Machi 2025 serikali ya Marekani iliizima Sauti ya Amerika, na idhaa yake ya Kiswahili, iliyoanza matangazo mwaka 1962, ikanyamaza. Jibu jepesi kwa habari hiyo ni kwamba hakuna kilichopungua: Tanzania ina vituo vya redio zaidi ya 200, na jijini Dar es Salaam mtu akizungusha kitufe anahama stesheni moja hadi nyingine bila kupata nafasi tupu. Jibu hilo linaudhi, kwa sababu linatolewa na anayesikiliza akiwa karibu na mnara. Kuzimwa kwa matangazo hayo, yaliyowafikia wa mbali kwa masafa mafupi, kumefichua kosa letu wenyewe ambalo ni la muda mrefu: tumeyaacha masafa ya kati yachakae, tukaweka karibu matumaini yote kwenye FM, na kwa kufanya hivyo tumewaacha watu wa visiwani na wa baharini na mawimbi yasiyofaa kwa mahali walipo.

Tuchukue Baleni, kata ya wakulima wa minazi na mikorosho katika Kisiwa cha Mafia, zaidi ya kilomita 100 kutoka Dar es Salaam. Wimbi la FM husafiri karibu moja kwa moja, na dunia inapojipinda, wimbi hilo linapita juu na kupotelea angani. Mnara wenye urefu wa mita 100 kwenye usawa wa bahari una upeo wa kama kilomita 40 tu. Zipo siku za joto na bahari shwari ambapo tabaka za hewa hulipinda wimbi na kulifikisha mbali, stesheni ya mbali ikasikika vizuri. Hali ya hewa ikibadilika, unabaki mkoromo. Masafa ya kati ni habari nyingine. Wimbi lake hutambaa juu ya uso wa dunia, na maji ya chumvi, yanayopitisha umeme mara mamia kuliko ardhi kavu, hulibeba mbali bila kulichosha. Yaani bahari ileile inayoikwamisha FM ndiyo njia bora kabisa ya masafa ya kati. Redio Tanzania Dar es Salaam, redio ya taifa ya wakati huo, ilijengwa juu ya masafa ya kati na masafa mafupi. FM ilishamiri baada ya sheria ya utangazaji ya 1993 kufungua milango kwa vituo binafsi, ambavyo kwa haki yao vilifuata soko la matangazo ya biashara, na soko hilo liko mijini.

Wanaotetea mwelekeo wa sasa wana hoja. Mtambo wa masafa ya kati unakula umeme mwingi na unahitaji eneo kubwa. Sauti ya FM ni safi zaidi. Simu nyingi za bei nafuu hupokea FM, waya wa visikilizi ukiwa ndiyo antena, lakini hazipokei masafa ya kati. Na redio za jamii, kama Pangani FM au ile ya Micheweni kule Pemba, zimeonyesha kwamba kituo kidogo kinaweza kuwahudumia watu wake vizuri kuliko kituo cha jiji. Yote haya ni kweli, na hakuna anayedai FM ifutwe. Ila gharama ya mtambo mmoja unaofunika pwani nzima lazima ilinganishwe na gharama ya minara mingi inayotakiwa kufanya kazi hiyohiyo, kila mmoja na umeme wake, mlinzi wake na fundi wake.

Hoja inayomaliza mjadala, kwa maoni yangu, ni ya dhoruba. Mwanzoni mwa Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa mfululizo kuhusu Kimbunga Hidaya, na tarehe 4 kikafika Mafia. Tahadhari ilikuwepo, wataalamu walifanya kazi yao. Swali ni tahadhari inapita wapi hadi kumfikia mvuvi aliye dago, kwenye kisiwa kidogo kisicho na watu wa kudumu, au nahodha aliyekwisha kung'oa nanga kutoka Nyamisati, upande wa bara, kuelekea Kilindoni kisiwani Mafia. Mtambo mdogo wa FM uliopo kisiwani unategemea umeme wa kisiwa na mnara wa kisiwa, na vyote viwili viko kwenye njia ya upepo uleule ambao watu wanatakiwa kuonywa juu yake. Mnara ukianguka, onyo limeanguka nalo, tena saa ambayo watu wanahitaji kuambiwa kama waende sehemu za juu au wabaki ndani. Sauti ya dharura inapaswa kutoka nje ya eneo la dhoruba na iweze kuvuka bahari. Mtambo wa masafa ya kati ulioko bara unatimiza masharti yote mawili, na mvuvi hahitaji zaidi ya redio ndogo ya betri iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki isiingie chumvi.

Wapo watakaosema simu na intaneti zimeshamaliza shida hiyo. Siku nane tu baada ya Hidaya, tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Kuanzia 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Njia inayoweza kukatwa kwa ajali au kwa amri haifai kuwa njia pekee ya kumwambia mtu kwamba kimbunga kinakuja. Australia nayo ilidhani teknolojia mpya inatosha: shirika lake la utangazaji, ABC, lilizima masafa mafupi tarehe 31 Januari 2017, na waliolalamika walikuwa wavuvi, wafugaji wa maeneo ya mbali na watu wa visiwa vya Pasifiki, yaani walewale ambao hawana mbadala.

Kinachokera zaidi ni namna tunavyopima mafanikio. Taarifa za serikali huhesabu usikivu kwa wilaya: wilaya ikipata mtambo, imewekewa tiki. Bahari haimo katika hesabu hiyo. Wilaya ya Mafia, yenye watu zaidi ya 60,000 kwa sensa ya 2022, inaweza kusomeka kwenye jedwali kwamba inasikia, na papo hapo vijana wake walioko kati ya Bweni na Songosongo wasisikie neno. Hiyo ni hesabu ya minara, si ya wasikilizaji, na inawapa viongozi sababu ya kulala usingizi wakati kazi haijafanyika. Mvuvi wa kisiwa cha Jibondo, huko huko Mafia, hulipa ushuru na leseni kwa samaki anaowatoa hukohuko baharini ambako sauti ya taifa haimfikii. Hakuna kisingizio cha ufundi hapa. Ufundi unajulikana na ulikuwa ukitumika nchini kabla wengi wa wanaoamua leo hawajazaliwa.

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uliundwa kwa sheria ya 2006 ili kupeleka huduma pale ambapo biashara haina faida ya kwenda, na umekuwa ukigharimia mitambo ya FM ya Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Ugharimie sasa mtambo mmoja wa kisasa wa masafa ya kati kwa ajili ya pwani, kutoka Tanga hadi Mtwara na visiwa vyote vilivyo katikati. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) nayo ipime usikivu ndani ya vyombo vilivyoko majini, siyo makao makuu ya wilaya peke yake, na itangaze matokeo. Mafia ina mbunge na ina madiwani. Waulizeni, kabla msimu mwingine wa vimbunga haujaingia, bajeti ya mtambo huo iko kwenye fungu gani.