Kasi kwa Umeme Gani? Prosesa Mbili na Mahitaji ya Unguja

Thamani ya chombo haijulikani mpaka ijulikane kazi yake. Kanuni hii inaheshimiwa na kila fundi wa Mji Mkongwe achongaye milango. Fundi huyo hana patasi moja iliyo bora kuliko zote; anayo ya kuchimbia, anayo ya kupambia, na anayo ya kusawazishia. Lakini ifikapo zamu ya kununua kompyuta, kanuni hiyo husahauliwa. Katika maduka, katika ofisi na hata katika skuli huulizwa swali moja tu: ipi ina kasi zaidi?

Swali hilo ni pungufu, na upungufu wake una gharama. Mwaka 1974 Serikali ya Muungano ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini baada ya mitambo ya Hazina kuleta hasara. Mashine zililaumiwa, lakini mashine haichagui kazi inayopewa wala haijui mazingira inamowekwa. Leo mlango u wazi na kompyuta zimejaa. Hatari iliyobaki ni ile ile ya kununua kabla ya kupima. Mfano mzuri wa upimaji huo ni prosesa mbili za mezani zilizotoka mwaka 2023, ambazo bado hushindanishwa kila mahali.

Ya kwanza ni Core i9-14900K ya kampuni ya Intel, iliyotolewa Oktoba 2023. Prosesa ndiyo bongo la kompyuta, na bongo hili lina viini 24: vikubwa 8 vyenye nguvu, na vidogo 16 vya kusaidia. Kasi yake ya juu kabisa hufikia gigahezi 6, yaani mapigo bilioni 6 kwa sekunde. Ya pili ni Ryzen 7 7800X3D ya kampuni ya AMD, iliyotolewa Aprili 2023. Hii ina viini 8 tu, na kasi yake haizidi gigahezi 5. Zilipoingia sokoni, ya kwanza iliuzwa dola 589 za Marekani na ya pili dola 449. Anayesoma tarakimu hizo peke yake atasema kwamba hukumu imekwisha kutolewa. Haijatolewa.

Patasi iliyo karibu na mkono

Katika michezo ya kompyuta, ile ndogo yenye viini 8 ililingana na ile kubwa, na mara nyingi iliipita kidogo, huku ikitumia umeme pungufu ya nusu. Sababu yake ni ya kisayansi wala si miujiza. Prosesa haiwezi kufanya hesabu bila data, na data hukaa katika kumbukumbu kuu, ambayo kwa kipimo cha prosesa ni mbali mno. Kila inapoiendea, mamia ya mapigo hupotea bure. Kwa hiyo wahandisi huweka ndani ya prosesa yenyewe kumbukumbu ndogo ya karibu.

Mfano wa mchongaji wafaa tena hapa. Patasi zilizo juu ya benchi huchukuliwa kwa kunyoosha mkono. Zilizo stoo ya nyuma hutaka safari. Benchi kuu la 14900K lina megabaiti 36. La 7800X3D lina megabaiti 96, kwa sababu megabaiti 64 zimewekwa kama ghorofa juu ya nyingine. Mchezo wa kompyuta huuliza maswali madogo madogo mengi yasiyotabirika: mpira uko wapi, adui anatazama upande gani, ukuta unazuia nini. Mwenye benchi pana hashindwi na mwenye mkono mwepesi anayekimbilia stoo kila mara.

Yafaa kuongeza tahadhari moja. Mchezo unapoonyeshwa kwa picha kubwa zenye uchoraji mwingi, mzigo mkubwa huwa juu ya kadi ya picha, na tofauti kati ya prosesa hizi mbili karibu itoweke. Anayetumia fedha nyingi kwa prosesa na kubana kadi ya picha amejenga ghorofa juu ya msingi wa makuti.

Mahamali na ubao mmoja

Katika kazi nzito za ofisi na maabara mambo hugeuka. Kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia, iliendesha mpango wa kupiga ramani za Unguja na Pemba kwa kutumia droni. Droni hupiga maelfu ya picha zinazopishana, kisha kompyuta hutafuta alama zinazofanana katika picha jirani na kuziunga mpaka zipatikane ramani na sura ya ardhi yenye vimo. Njia hiyo hiyo yaweza kutumika kuhifadhi umbo la majengo ya kale kabla hayajaanguka. Baada ya sehemu ya Beit el-Ajaib kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020, hapana haja ya kueleza kwa nini kumbukumbu za namna hiyo ni mali ya taifa.

Kazi hii hugawanyika. Kiini kimoja hushughulikia jozi moja ya picha, kingine jozi nyingine, na viini 24 vina faida ya kweli. Katika majaribio ya kazi zigawanyikazo vizuri, 14900K humaliza kwa muda pungufu ya nusu ya ule wa 7800X3D.

Hata hivyo, wingi wa viini una mpaka wake, na mpaka huo ulielezwa na Gene Amdahl mwaka 1967. Mwalimu aweza kuuonyesha kwa jahazi lililofunga gati Malindi. Mahamali wakiwa wengi, magunia hushuka upesi; lakini kama wote hupita juu ya ubao mmoja, huo ubao ndio utakaoamua. Tuseme sehemu moja ya kumi ya kazi haigawanyiki. Kwa viini 8 vilivyo sawa, kazi itakwenda haraka mara 4.7 tu, si mara 8. Kwa viini 24 itakwenda mara 7.3 tu. Hata viini vingekuwa milioni moja, haitafika mara 10. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuikokotoa hesabu hii kwa sehemu, na akiielewa hatadanganywa kirahisi na matangazo ya biashara.

Joto halina pa kwenda

Mpaka hapa ulinganisho ungeweza kuwa wa London au Chicago. Unguja ina jambo lake. Umeme wa kisiwa hutoka kwa sehemu kubwa bara, kupitia waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya wa kwanza uliwekwa mwaka 1980. Mwaka 2008 umeme ulikatika kuanzia Mei hadi Juni; kisha Desemba 2009 ukakatika tena na kisiwa kikakaa gizani mpaka Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, na vichochoro vya Mji Mkongwe vikajaa ngurumo za jenereta. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013 na hali ikawa nafuu. Lakini kisiwa kilichopata somo hilo hakina udhuru wa kuhesabu kasi bila kuhesabu wati.

14900K ikifanya kazi kwa nguvu zote hutumia hadi wati 253. 7800X3D, katika kazi nzito, kwa kawaida haifiki wati 100. Na ichukuliwe kuwa ni wati 85. Darasa lenye kompyuta 20 litakuwa na tofauti ya zaidi ya wati 3,000, sawa na pasi tatu za umeme zilizowashwa mfululizo. Tena, kwa kanuni ya hifadhi ya nishati, wati zote hizo huishia kuwa joto ndani ya chumba. Wakati wa kaskazi, joto la nje lipitapo nyuzi 30 na hewa imejaa unyevu na chumvi, joto hilo litaondolewa kwa kiyoyozi, ambacho nacho kina njaa ya umeme. Mita ya TUKUZA husoma mara mbili.

Lakini haki yataka hesabu ikamilishwe. Wati si nishati. Nishati ni wati mara muda. Kama 14900K itamaliza ramani kwa saa moja, imetumia wati-saa 253. 7800X3D itahitaji kiasi cha saa 2.1, nayo itatumia wati-saa 180 hivi. Sasa chukua ile kubwa na kuiwekea kikomo cha wati 125, jambo linalofanyika kwa dakika chache katika mipangilio ya kuwashia mashine. Itapoteza takriban moja ya tano ya kasi, kwa hiyo itachukua saa moja na robo, na itatumia wati-saa 156. Ile iliyodhaniwa kuwa fisadi imekuwa mwekevu kuliko zote!

Siri yake imo katika fomula ya fizikia: nguvu itumikayo katika transista hufuatana na idadi ya mapigo na mraba wa volteji. Ukipunguza vyote viwili kwa asilimia 10, nguvu hupungua kwa asilimia 27. Mapigo ya mwisho, yale yanayoandikwa kwa herufi kubwa juu ya sanduku, ndiyo ya ghali kuliko yote. Ndiyo pia ya hatari. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za mezani za vizazi vya 13 na 14 ziliweza kudhurika kwa kuomba volteji iliyozidi. Ilitoa programu ya kurekebisha na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. AMD nayo haikusalimika: mwaka 2023 baadhi ya prosesa za jamii ya 7800X3D ziliungua, na volteji ya sehemu yake moja ikawekewa kikomo cha 1.3. Haraka haraka haina baraka, hata kwa transista.

Ushauri

Kwa skuli, kwa vituo vya vijana na kwa wanaojifunza kutunga michezo, prosesa ndogo ndiyo ifaayo. Tofauti ya dola 140 kwa mashine 20 ni dola 2,800, fedha iwezayo kununua betri za akiba za kulinda kazi umeme ukatikapo. Faida nyingine ni kwamba prosesa iliyoifuata, 9800X3D ya Novemba 2024, hukaa katika soketi ile ile, ilhali warithi wa 14900K waliotoka Oktoba 2024 walidai ubao mpya. Mahali ambapo kila kipuri huja kwa meli, hilo si jambo dogo. Wala wasemao kwamba michezo ni upuuzi wasisikilizwe sana: mchezo ni vekta, matriksi na mwendo wa Newton vikitendwa mbele ya macho ya mwanafunzi.

Kwa ofisi ya ramani, ya uhandisi au ya hifadhi ya majengo, prosesa kubwa ni halali yake, kwa sharti la kuwekewa kikomo cha wati tangu siku ya kwanza. Ofisi isiyokuwa na mtu wa kuweka kikomo hicho haijawa tayari kwa mashine hiyo.

Mengine yatakuja, na majina haya mawili yatasahauliwa kama yalivyosahauliwa yaliyotangulia. Njia ya kupima haitasahaulika kama itafundishwa. Inahitaji mwalimu, ubao, chaki na maswali matatu: kazi ni ipi, ubao wa jahazi uko wapi, na kila jibu litagharimu wati-saa ngapi? Mwanafunzi wa Unguja awezaye kuuliza hayo kabla ya kutoa fedha atakuwa amekwisha kuimiliki mashine. Asiyeweza, mashine ndiyo itakayommiliki.