NANI ATAKETI, NANI ATASUKUMA?
Neno la Tume juu ya mjadala wa reli za mijini



Mwanzoni mwa karne ya 20 mji wa Mombasa ulikuwa na reli nyembamba zilizotandazwa barabarani. Juu ya reli hizo vilipita vigari vya abiria ambavyo havikuwa na injini wala farasi. Vilisukumwa na watu. Afisa wa serikali au mfanyabiashara mwenye uwezo aliketi chini ya kivuli cha paa dogo, na Waafrika walikimbia nyuma yake juani wakisukuma. Vigari hivyo vilidumu hadi miaka ya 1920, kisha motokaa zikachukua mahali pake. Tunaanza na kumbukumbu hiyo kwa sababu swali lililokuwa wazi mbele ya macho ya kila mpita njia siku zile, leo limefichwa ndani ya mikataba na mahesabu: katika usafiri wa mji, nani ataketi na nani atasukuma?

Miaka hii habari za tramu na reli nyepesi za mijini zimerudi midomoni mwa wakubwa. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zote zimewahi kutajwa katika mipango ya aina hiyo. Kila mpango unapotajwa, mjadala hugawanyika upesi katika kambi mbili: wanaosema reli ni maendeleo na anayeuliza ni adui wa maendeleo, na wanaosema reli ni anasa ya matajiri, basi iachwe. Sisi hatumo katika kambi yoyote kati ya hizo, na tunaomba nafasi ya kueleza sababu.

Wako watakaouliza Tume ya Haki na Amani inatafuta nini katika mambo ya vyuma na mataruma. Tunawajibu kwamba kibarua anayeamka saa kumi alfajiri ili afike kazini saa moja na nusu, na mama anayetoa sehemu kubwa ya faida ya biashara yake kulipia nauli, hawapungukiwi na starehe tu. Wanapungukiwa na haki. Saa wanazozipoteza barabarani ni saa za watoto wao, za usingizi wao na za sala zao. Jambo linalogusa mkate na muda wa maskini haliwezi kuachiwa wahandisi na wakopeshaji peke yao.

TUSIIKATAE RELI KWA SABABU ZISIZO ZA HAKI

Kwanza tuseme kweli juu ya wanaoipinga reli. Behewa moja la tramu laweza kuchukua abiria zaidi ya mia moja na kuwapitisha mahali ambapo motokaa zenye kuchukua watu hao hao zingeziba barabara nzima. Huendeshwa kwa umeme, wala haliwapulizii moshi wanaotembea kando yake. Hizo si sifa ndogo.

Lakini angalieni mizani inayotumika. Mwaka 2022 mji wa Nairobi ulifunguliwa barabara ya juu yenye urefu wa kilomita 27, ambayo mwenye gari hulipa ili apite. Fedha zilizotumika zilihesabiwa kwa makumi ya mabilioni ya shilingi, na mjenzi amepewa miaka 27 ya kukusanya malipo. Chini ya nguzo zake, watu wengi wa mji ule huendelea kwenda kazini kwa miguu au kwa matatu. Je, mliwasikia wenye magari wakiiita barabara ile anasa? Reli ya watu wengi ikitajwa, hupimwa kwa mizani ya sonara; barabara ya watu wachache ikitajwa, hupimwa kwa mizani ya kuni. Hoja ya gharama isiyoelekezwa kwa barabara za magari si hoja ya gharama. Ni upendeleo uliovaa joho la uangalifu.

ADDIS ABABA ILITUFUNDISHA NINI

Tugeuke sasa upande wa pili, kwa wanaosema tujenge kwanza na maswali yafuate. Hawa tunawapeleka Addis Ababa. Mwaka 2015 mji huo ulifungua reli nyepesi yenye njia mbili, moja ya kaskazini hadi kusini na nyingine ya mashariki hadi magharibi, jumla ya kilomita zaidi ya 30. Ilikuwa fahari ya Afrika, na kwa haki. Gharama yake ilikuwa takriban dola za Marekani milioni 475, na kiasi cha asilimia 85 ya fedha hizo ulikuwa mkopo kutoka China. Nauli iliwekwa chini, kati ya birr 2 na birr 6, na watu wa kawaida waliipanda kwa wingi.

Yaliyofuata yanatupasa kuyatafakari. Nauli ililipwa kwa birr, bali mkopo na vipuri vililipwa kwa fedha za kigeni. Nauli ya chini, ambayo ni jambo jema, haikutosha kuendesha treni, wala haikuwekewa mfuko wa kudumu wa kuiegemeza. Treni 41 zilinunuliwa. Kufikia mwaka 2022 zilizokuwa zikifanya kazi zilikuwa chini ya nusu, nyingine zikisubiri vipuri. Aliyeumia kwa kusimama kwa treni hizo hakuwa mkopeshaji, maana deni hulipwa treni itembee au isitembee. Aliyeumia ni msafiri aliyebaki kituoni katika msongamano.

Tena, katika sehemu zake nyingi reli ile ilipita katikati ya mitaa kama ukuta. Majirani waliozoea kuvuka barabara kwenda sokoni au kwa ndugu walilazimika kuzunguka mbali kutafuta kivuko. Kwa kijana ni usumbufu. Kwa mzee, kwa mjamzito na kwa mwenye ulemavu, ni kufungiwa.

Hatusemi haya kuwadharau ndugu zetu wa Ethiopia. Walithubutu pale ambapo wengine walikuwa wakiongea tu. Twasema kwamba kujenga ni mwanzo wa gharama, si mwisho wake, na anayekuonyesha bei ya kujenga bila bei ya kutunza amekuonyesha nusu ya kweli.

HATA MATAJIRI HUFICHANA KWELI

Asidhani mtu kwamba udhaifu huu ni wa Afrika peke yake. Mji wa Edinburgh, huko Uskoti, uliamua kujenga tramu kwa bajeti ya pauni milioni 545. Kazi hiyo iliwekwa mikononi mwa kampuni iliyoundwa na halmashauri ya mji lakini ikafanya mambo yake mbali na macho ya wananchi. Magomvi na makandarasi yakazuka. Tramu ilipofunguliwa tarehe 31 Mei 2014, miaka kadhaa baada ya muda uliopangwa, ilikuwa imekula pauni milioni 776 na njia yake ilikuwa fupi kuliko iliyoahidiwa.

Waliokatiwa njia ni akina nani? Ni wakazi wa Leith, mtaa wa bandari, ambao barabara yao kuu ilikuwa imechimbwa na maduka yao kukosa wateja kwa ahadi kwamba tramu inakuja. Walivumilia vumbi, na tramu haikufika. Ilipita hadi Newhaven, kupitia Leith, mwaka 2023 tu. Mwaka huo huo uchunguzi ulioongozwa na jaji, Lord Hardie, baada ya kazi ya miaka tisa, ulitoa taarifa iliyoeleza makosa mengi ambayo yangeweza kuepukwa, na kwamba madiwani hawakupewa habari sahihi walipokuwa wakipiga kura. Ikiwa katika nchi yenye magazeti huru na wakaguzi wengi madiwani walifanywa wasijue, sisi ambao mikataba yetu mara nyingi hatuioni kabisa tunajitumainishia nini?

PALE WATU WALIPOULIZWA

Upo mfano mwingine. Katika mji wa Cincinnati, nchini Marekani, wananchi walipiga kura mara mbili, mwaka 2009 na mwaka 2011, juu ya hoja ambazo zingeizuia tramu ya mji wao. Miongoni mwa waliopinga mwaka 2009 kulikuwa na tawi la mji huo la chama mashuhuri cha kutetea haki za Wamarekani weusi. Mara zote mbili waliotaka kuizuia walishindwa. Mwaka 2013 akachaguliwa meya aliyeipinga tramu, kazi ikasimamishwa, na Desemba mwaka huo huo baraza likaamua iendelee. Tramu ilifunguliwa Septemba 2016, nayo tangu mwaka 2020 hupandwa bila nauli.

Hatusemi mjadala ule ulikuwa mtulivu. Ulikuwa mkali na wenye maneno machungu. Wala hatusemi kura huondoa kila dhuluma, kwa maana mahali ambapo reli hupita thamani ya ardhi hupanda, na mpangaji maskini aweza kusukumwa nje na reli ile ile aliyoambiwa ni yake. Twasema tu kwamba pale aliyeshindwa alijua ameshindwa na nani na kwa hoja gani. Kwetu mara nyingi mwananchi hujua uamuzi siku anapoona alama ya X nyekundu ukutani mwa nyumba yake.

TUSIENDE MBALI

Wakazi wa Dar es Salaam wana ushahidi wao. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza safari katika njia ya Kimara, na asiyekiri kwamba siku za mwanzo yaliwaondolea watu adha kubwa hasemi kweli. Lakini daladala ziliondolewa katika Barabara ya Morogoro, na mabasi yalipopungua abiria hakubaki na njia mbadala. Karakana ilijengwa Jangwani, bonde ambalo kila mwenyeji anajua hujaa maji ya mvua, na maji yakaja kama yalivyozoea. Huko Mbagala njia maalumu zilikamilika muda mrefu kabla ya mabasi kufika, na watu wakawa wakisongamana katika daladala kando ya barabara nzuri iliyo tupu.

Makosa hayo hayakuhitaji mtaalamu wa kuyatabiri. Mzee yeyote wa Jangwani angeyasema, kama angeulizwa. Kama tumeshindwa kupanga mabasi ambayo yaweza kuhamishwa, twende pole kabla ya kutandaza chuma ambacho hakihamishiki.

TUNAYOYADAI

Kwa hiyo, kabla ya mji wowote kati ya miji yetu kutia sahihi mkataba wa reli ya mjini, tunadai yafuatayo:

1. Mkataba na masharti ya mkopo vitangazwe kwa Kiswahili chepesi, pamoja na gharama za uendeshaji na vipuri kwa miaka 20 ya mwanzo, na ielezwe nani atazilipa.

2. Nauli ipimwe kwa kipato cha kibarua, si kwa matakwa ya mkopeshaji peke yake. Na pengo litakalobaki lipangiwe fedha mapema.

3. Atakayevunjiwa nyumba au kibanda alipwe fidia ya haki kabla ya nyundo ya kwanza. Mpangaji, mama lishe na mmachinga wahesabiwe pia, wala si mwenye hati pekee.

4. Vivuko viwekwe mahali watu wanapovuka sasa, na vituo viingilike kwa wazee na wenye ulemavu.

5. Madereva na makondakta watakaopoteza kazi wafundishwe na kuajiriwa kwanza katika mradi huo.

6. Njia za waendao kwa miguu zitengenezwe kwanza, maana hata abiria wa treni hufika kituoni kwa miguu.

Atakayesema kwamba masharti haya yatachelewesha maendeleo, tunamwomba aeleze ni maendeleo ya nani. Kuchelewa mwaka mmoja kwa kuulizana ni nafuu kuliko kulipa deni miaka 20 kwa treni zilizolala.

WAJIBU WETU

Ndugu zetu, tusiishie kulalamika vituoni. Tanzania na Kenya zote mbili zilitunga sheria ya haki ya kupata habari mwaka 2016. Sheria hizo hazikuandikwa kwa ajili ya mawakili peke yao. Kiongozi wa jumuiya aweza kuandika barua kwa halmashauri akaomba mpango na ramani. Mikutano ya mtaa ikiitwa, twendeni, na tuwapeleke wasiozoea kusema. Katika jumuiya zetu tuyajadili maswali haya: Ni nani kati yetu hutembea kwa miguu kwenda kazini, na kwa muda gani? Nauli hula sehemu gani ya mapato ya nyumba zetu? Njia ikipita hapa, nani ataondoka, naye ataenda wapi? Majibu yaandikwe na kuletwa, kwa maana hayo ndiyo mahesabu ambayo hayamo katika vitabu vya wakopeshaji.

Hatuiogopi reli. Tunaitaka, ikiwa itamfikisha kibarua kazini na kumrudisha nyumbani watoto wake wakiwa bado macho. Lakini hatutakubali kurudishwa Mombasa ya vigari vile, ambako wachache waliketi kivulini na wengi wakasukuma. Safari hii, anayelipia reli aketi ndani yake.