Eti Buha hakuna cha kuhifadhi

Dai la kwanza juu ya vitu vya kale vya Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, husemwa na watu wasio na ubaya wowote, wengine wao Waha wenyewe: makumbusho ni ya wenye vitu. Wamakonde wana vinyago, Wasukuma wana viti vya enzi vya watemi wao, Pwani wana milango ya nakshi. Kasanda mna nini zaidi ya mihogo na maharage?

Mwenye swali hilo aanze na karatasi za kura za miaka iliyopita. Kasanda ni kata ya Wilaya ya Kakonko, ambayo hadi miaka ya karibuni ilikuwa sehemu ya Kibondo. Jimbo la ubunge la Kakonko kwa miaka mingi liliitwa Buyungu; la Kibondo likaitwa Muhambwe. Hayo ni majina ya falme za Buha, na Tume ya Uchaguzi iliyatunza vizuri kuliko makumbusho yoyote niyajuayo. Upande wa Kasulu ulikuwa ufalme wa Heru, ambao Mwami Theresa Ntare aliutawala tangu 1946, mwanamke aliyekuja kukaa pia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Utawala wa namna hiyo haukuendeshwa kwa maneno matupu. Ulikuwa na ngoma, mikuki na viti, na watu waliopewa kazi ya kuvitunza. Mwaka 1963 sheria iliondoa mamlaka ya machifu nchi nzima, lakini ngoma haifutwi kwa sheria. Inabaki katika nyumba ya mtu, ikipakwa mafuta au ikiliwa na mchwa, kutegemea mjukuu aliyeirithi.

Ongeza majembe ya wahunzi wa Buha, waliosifika kwa kuyeyusha na kufua chuma. Ongeza inanga, ule ubao uliochimbwa kama sinia na kupitishiwa nyuzi juu yake, ambao Waha wanao sawa na majirani zao wa Burundi. Shuka hadi Uvinza, kwenye chemchemi za chumvi, ambako vigae vya vyungu vya kuchemshia vinaonyesha kazi iliyofanywa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Sutton na Roberts walichapisha utafiti wao juu yake mwaka 1968.

Maandishi nayo yapo. Kapteni C. H. B. Grant aliandika kuhusu Uha, yaani Buha, katika jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia, London, mwaka 1925. J. H. Scherer alichapisha utafiti juu ya Waha katika jarida la Anthropos mwaka 1959. Maofisa wa Kiingereza waliweka vitabu vya wilaya, yale majalada ya kila boma yaliyojaa habari za koo, mipaka, watawala na mila. Baadaye yakapigwa picha kwenye mikrofilamu, na nakala zikavuka bahari hadi maktaba za vyuo vikuu vya nje. Mwanafunzi wa London anaweza kusoma habari hizo kabla mwalimu wa Kasanda hajajua kwamba ziliandikwa. Kwa hiyo vitu vipo. Mtu wa Kasanda hana orodha ya kumwambia viko wapi, na mengi ya madai yanayofuata yanaanguka mtu akiliangalia jambo hilo moja.

Dai la pili limevaa suti na tai: vitu vya Afrika viko salama zaidi Ulaya. Huko kuna vioo, kengele za wezi, mashine za kupima unyevu.

Agosti 2023 British Museum ilitangaza kwamba baadhi ya vitu vyake vimepotea, vimeibwa au vimeharibiwa. Hesabu iliyotajwa baadaye ilifika kama 2,000, na mkurugenzi wake akajiuzulu. Jambo la kuzingatia si wizi wenyewe, maana mwizi yuko kila mahali. Vingi vya vitu hivyo vilikuwa vidogo na havikuwa vimeorodheshwa sawasawa, ndiyo maana vikaweza kutoka bila mtu kushtuka. Kengele hailii kwa kitu ambacho hakimo kwenye daftari.

Berlin nako kuna hadithi yake. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia mikusanyiko ya makumbusho ya etnolojia ilitawanywa ili isilipuliwe. Sehemu yake ikachukuliwa na jeshi la Kisovieti hadi Leningrad, ikarejeshwa Leipzig katika Ujerumani Mashariki, na kufika tena Berlin baada ya ukuta kuanguka. Usalama gani huo wa kuzunguka nusu ya bara? Tena wapo watunzaji wa zamani waliopaka vitu arseniki na, baadaye, DDT ili visiliwe na wadudu. Mpaka leo kuna ngozi, manyoya na mbao katika maghala ya Ulaya ambazo huwezi kuzishika bila glavu na barakoa. Vilihifadhiwa, ndiyo, lakini mwenye ngoma akirudishiwa ngoma yake hawezi kuipiga kabla haijapimwa sumu.

Sisemi kwamba Dar es Salaam hakuna mchwa wala kwamba Kigoma hakuvuji. Nasema usalama ni kazi ya mtu mwenye daftari, ufunguo na mshahara, na mtu huyo anaweza kukaa Berlin au Kasulu.

Sasa dai la upande wetu, ambalo tunalipenda kwa sababu halichoshi kichwa: kila kilichoko Ulaya kiliibwa. Makumbusho ya Etnolojia ya Berlin yana vitu kama 10,000 vinavyohusishwa na Tanzania. Baadhi ni nyara za vita, zikiwemo za Majimaji ya 1905 hadi 1907, na hilo makumbusho yenyewe yamelikubali na kulichunguza pamoja na watafiti wa Tanzania, katika kitabu kilichotoka mwaka 2018 kwa Kijerumani, Kiingereza na Kiswahili. Kuna pia agizo la serikali ya Ujerumani la 1889, lililotaka vitu vilivyokusanywa na misafara iliyolipiwa na dola vipelekwe kwanza Berlin. Mfumo ulikuwa wa kuchota, hilo halina ubishi.

Lakini Buha haikuwa uwanja wa Majimaji. Boma la Kijerumani lilifunguliwa Ujiji mwaka 1896, na baada ya hapo kitu kingeweza kutoka milimani kwa njia nyingi: ofisa aliyekitwaa, mmishenari aliyepewa na muumini mpya, mfanyabiashara aliyekinunua, mwami aliyekitoa zawadi akijua kwamba akinyima kesho wanakuja askari. Hiyo ya mwisho tuiite nini? Mimi siiti zawadi, ila siwezi kuiita wizi bila kujua ni ngoma ipi, ya nani, mwaka gani. Anayedai vyote kwa mpigo mmoja anampa mwenye ghala sababu nzuri ya kujibu kwamba suala linahitaji utafiti zaidi. Anayedai kitu kimoja kwa jina na tarehe anakuwa mgumu kukwepwa. Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, liliandikwa kwa jina katika Mkataba wa Versailles wa 1919. Hata hivyo lilichukua hadi 1954 kufika Kalenga, na huo ulikuwa mkataba wa dunia nzima.

Dai la nne: ukiazimisha umepoteza. Hili nalisikia zaidi kwa wazee wenye vitu majumbani, na siwalaumu; wengi wamewahi kumpa mgeni mwenye kamera kitu ambacho hawakukiona tena. Walakini historia yenyewe haikubaliani nao moja kwa moja. Fuvu la Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, lilipelekwa Nairobi kwa uchunguzi na likarudi Tanzania mwaka 1965. Lilirudi kwa sababu dunia nzima ilijua lilikotoka. Mgeni mwenye kamera hakuacha hata karatasi. Tatizo halikuwa kuazima, lilikuwa kuazima bila stakabadhi.

Kuna azima nyingine inayonichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Juni 2024 vitu 39 vilirudi Uganda kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, kwa mkopo wa miaka mitatu unaoweza kuongezwa. Mwenye mali anaazimishwa mali yake. Bado ningeupokea mkopo wa namna hiyo kesho asubuhi kama ungekuja Kasulu, kwa sababu ngoma iliyo mbele ya macho ya watoto inazaa maswali ambayo ngoma ya ghalani haizai. Ila ningetaka tarehe ya kufufua mjadala wa umiliki iandikwe humohumo kwenye mkataba.

Dai la tano linatoka kwa vijana wa simu: ya nini kusafirisha mbao, si vipigwe picha tu viwekwe mtandaoni? Kwa upande wa sauti zilizorekodiwa, wana hoja. Mwaka 2021 Rwanda ilikabidhiwa nakala za dijitali za rekodi zaidi ya 4,000 zilizokuwa Tervuren, Ubelgiji, na wimbo ukinakiliwa vizuri umerudi karibu mzima. Inanga haiko hivyo. Fundi anataka kuigeuza aone unene wa mbao na jinsi nyuzi zilivyofungwa mwishoni.

Tena picha mtandaoni haipatikani kama hujui ilivyoandikwa. Kitu kilichobebwa na wapagazi kutoka Buyungu hadi bandari ya ziwa kina kila sababu ya kuwa kimeandikwa Ujiji, kwa sababu boma lilikuwa Ujiji. Mwenye kutafuta Kasanda atapata ukurasa mtupu, na ataondoka akiamini lile dai la kwanza.

Wakenya wamelitatua sehemu ya hilo. Mradi wa kimataifa wa orodha za vitu vya Kenya, ambamo Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalishiriki, ulikusanya taarifa za vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyomo katika taasisi 30 za Ulaya na Marekani, na mwaka 2021 ukafanya maonyesho Nairobi, Cologne na Frankfurt. Hawakurudisha kitu hata kimoja kwa kazi hiyo peke yake. Walichofanya ni kumwezesha Mpokomo anayeuliza habari za ngoma ya ngadji, iliyochukuliwa wakati wa Waingereza na kuwekwa British Museum, aulize akiwa ameshika karatasi. Kwa Tanzania bado sijaona orodha ya aina hiyo ambayo mtu wa Kakonko anaweza kuifungua kwa Kiswahili.

Wapo wanaosema vitu hivi ni vya kipagani na vikae mbali na waumini. Jibu lao liko Bujora, nje kidogo ya Mwanza: makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa miaka ya 1950 na padri Mkatoliki, David Clement, ndani ya eneo la parokia. Ngoma za watemi na kanisa ni majirani huko mpaka leo, na hakuna aliyepagawa.

Limebaki dai la kwamba fedha hakuna, ambalo kwa kawaida huja limeshikana mkono na lile la kwamba watu wa kijijini hawasomi. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima Tanzania walikuwa hawajui kusoma, na ndani ya miaka ishirini idadi hiyo ilishuka hadi chini ya mmoja kati ya kumi, kwa madarasa ya jioni, magazeti ya vijijini na maktaba za vijiji. Watu walisoma. Vitabu ndivyo ambavyo havikuongezwa rafuni, na mtu hawezi kusoma kitabu kilekile miaka arobaini.

Kuhusu fedha, jengo la makumbusho ni ghali, nakubali, na Mkoa wa Kigoma una moja tayari pale Ujiji, linalojulikana zaidi kwa Wazungu wawili waliosalimiana mwaka 1871. Lakini kurasa za vitabu vya wilaya zinazoihusu Kibondo na Kasulu zinaweza kunakiliwa kutoka Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zikajalidiwa na kuwekwa katika ofisi ya afisa utamaduni wa wilaya na shule chache za sekondari. Daftari la pili liwe la vitu vilivyoko majumbani: kitu gani, kimetengenezwa na nani, kimerithiwa kutoka kwa nani, mwenyewe anakubali kionwe au la. Jina la mwenyewe libaki kwa afisa, lisibandikwe ukutani. Gharama yake ni karatasi, wino, nauli ya basi na mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka.

Barua kwenda Berlin ifuate baada ya hapo, ikiwa imeambatanishwa na madaftari yote mawili.