Uchaguzi Mdogo au Urithi?

Kiswahili huuita uchaguzi mdogo. Ukambani, udogo huo ni wa jina tu. Seneta wa Makueni, Mutula Kilonzo, alifariki tarehe 27 Aprili 2013. Bintiye, Kethi, alipozuiwa kugombea kwa kutosajiliwa kuwa mpigakura, tiketi ya Wiper ilimwendea nduguye, Mutula Kilonzo Junior, akashinda tarehe 26 Julai: siku ya 90 tangu msiba. Mwaka 2018, huko Kitui Magharibi, Edith Nyenze alikitwaa kiti cha marehemu mumewe, Francis. Uwezo wao si hoja. Junior alichaguliwa gavana mwaka 2022. Lawama ni ya vyama. Tiketi ikigawiwa matangani, mpinzani anayeuliza habari za maji huonekana anamtukana marehemu.