Kaswida Isisubiri Uchaguzi Upite



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Swahaba zake wote. Amma ba'ad.

Ndugu wazazi, tunaandika haya kwa sababu ya neno tulilolisikia mara nyingi mno Desemba 2025, hapa hapa Bukoto, mlangoni pa msikiti, sokoni na hata kwenye vikao vya harusi. Neno lenyewe ni hili: "Maalim, huu si wakati wa kaswida. Subirini uchaguzi upite." Waliolisema si maadui zetu. Ni wazee wetu na wazazi wa wanafunzi wetu, na tunawaheshimu. Lakini neno hilo si sahihi, na tukiliacha bila kulijibu litatuharibia watoto.

HOFU HAIKUZUKA BURE

Kwanza tuseme ukweli: wanaoogopa wana sababu. Tarehe 18 na 19 Novemba 2020 risasi zililia mitaani Kampala, na serikali yenyewe ilikiri kuwa watu 54 waliuawa katika siku zile. Baada ya hapo yakaja yale magari ya Hiace yasiyo na namba, ambayo watu waliyapa jina la "drone", yakibeba vijana usiku na mchana. Januari 2021 intaneti ikazimwa nchi nzima wakati wa kura. Januari 2026 ikazimwa tena.

Na sisi Waislamu tuna kidonda chetu zaidi. Sheikh Mustafa Bahiga alipigwa risasi Desemba 2014. Sheikh Hassan Kirya, Juni 2015. Sheikh Meja Muhammad Kiggundu, Novemba 2016. Kwa hiyo mzazi anapoona watoto 40 wamevaa kanzu na mitandio, wamekusanyika na matari mahali pamoja katika msimu wa kampeni, moyo wake ukishituka hatumlaumu. Na sisi yetu inashituka.

Ila tunauliza: kunyamaza kumetupa nini?

NYUMBA AMBAYO HAKUNA ALIYEIBISHIA HODI

Yupo mzazi mmoja wa madrasa yetu, dereva wa boda boda. Alichukuliwa mwisho wa mwaka 2020, na alirudi baada ya miezi minne akiwa mgonjwa na hasemi. Tunaona aibu kueleza jambo linalofuata. Majirani waliacha kwenda nyumbani kwake, na waalimu wake wa madrasa nao waliacha. Tulimwombea dua tukiwa mbali. Kila mmoja aliogopa kuonekana akiingia pale. Tulijiambia kwamba ni hekima, tukaita subira.

Mwaka 2022, baada ya shule kufungwa karibu miaka miwili kwa ajili ya korona, watoto walirejea madrasa. Walikuwa wamesahau herufi, na wengine walikuwa hawatazami mtu usoni. Tukawapa kazi ndogo: kila mtoto atunge beti mbili juu ya neno "amana", azighani mbele ya wenzake. Binti wa yule dereva, miaka kumi, akaandika juu ya pikipiki iliyolala uani imefunikwa turubai, na baba anayeketi kando yake kila asubuhi kama anasubiri abiria. Katika ubeti wa pili aliwataja askari.

Nasi tukamwambia afute ubeti wa pili. Ndiyo, sisi waalimu, tunaofundisha watoto kusema haki. Alifuta bila kubisha, na hilo ndilo lililotuumiza. Alikuwa ameshazoea.

Siku ya kughani alisoma ule ubeti mmoja uliobaki. Akina mama waliokuwa nyuma wakisuka mikeka waliacha kusuka. Wiki ile ile watatu kati yao walikwenda kwenye ile nyumba na unga, sukari na sabuni, wakaketi hadi magharibi. Wiki iliyofuata wanaume wawili walikwenda kuiwasha ile pikipiki. Kodi ya nyumba iliyokuwa imelimbikizwa ililipwa kwa mchango. Baba yule leo anaendesha tena, ingawa si kila siku.

Ubeti mmoja wa mtoto wa miaka kumi ulifanya kazi ambayo hotuba zetu za Ijumaa hazikuifanya kwa miezi kumi na minane. Haukumpindua mtawala yeyote. Uliwarudisha majirani nyumbani kwa jirani yao. Hilo ndilo tumaini tunalolizungumzia, wala hatulijui jingine.

HANDAKI LA MADINA

Wapo wanaosema: "Sanaa ni ya wakati wa raha. Wakati wa shida ni dua na kimya." Tunawajibu kwa Sira.

Mwaka wa tano Hijria makabila yaliungana kuja kuimaliza Madina. Waislamu walikuwa wachache, kulikuwa na baridi, na njaa ilikuwa kali hata watu wakafunga mawe matumboni. Katika hali hiyo walichimba handaki. Wakifanya nini huku wakichimba? Imepokewa katika Bukhari kwamba walikuwa wakighani mashairi ya Abdullah bin Rawaha (R.A.), na Mtume (S.A.W.) mwenyewe, akibeba udongo hadi vumbi likafunika ngozi ya tumbo lake, alighani pamoja nao na kuinua sauti mwishoni mwa beti. Adui yuko njiani, tumbo ni tupu, na jemadari anaitikia shairi na watu wake! Hakuwaambia wasubiri vita vipite. Hawakuacha koleo ili waghani, wala hawakuacha kughani kwa sababu ya koleo.

Wengine hutaja mwisho wa Suratush-Shu'araa, pale washairi wanapokemewa. Tunawaomba wasome hadi aya ya mwisho. Allah (S.W.T.) amewatoa katika kemeo hilo washairi walioamini, wakatenda mema, wakamkumbuka Yeye kwa wingi, na wakajitetea baada ya kudhulumiwa. Tazameni sifa hiyo ya nne. Kumbe mshairi aliyeruhusiwa ni pamoja na yule anayesema baada ya kudhulumiwa, na sisi tulimfutia binti wa watu ubeti wake! Hassan bin Thabit (R.A.) aliwekewa mimbari ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.) aghani mashairi ya kuutetea Uislamu.

Ama kuhusu dufu, tunajua maulamaa wametofautiana, na wapo wanaoliruhusu katika Idi na harusi tu. Mzazi mwenye rai hiyo atuambie, na mtoto wake ataghani bila dufu au atajifunza khati. Hatutagombana kwa hilo. Tunachokataa ni rai ya kufikihi kutumiwa kuficha woga.

WATAWALA WANAIJUA THAMANI YAKE

Wanaodhani sanaa ni mchezo wa watoto wangejiuliza kwa nini wenye nguvu wanaiogopa. Mwaka 1977 Byron Kawadwa, aliyeongoza Jumba la Maigizo la Taifa hapa Kampala, alipeleka mchezo wake wa Oluyimba lwa Wankoko kwenye tamasha la FESTAC mjini Lagos. Aliporudi, watu wa Idi Amin walimchukua, akauawa. Tunalitaja hili kwa makusudi. Amin alikuwa Mwislamu, na baadhi yetu bado hutafuta namna ya kumtetea kila jina lake likitajwa. Dhulma haina swala inayoisafisha mpaka haki ya aliyedhulumiwa irudi. Na baada ya 1979, Waislamu wasio na hatia, hasa huko Ankole, waliuawa kwa ajili ya madhambi ambayo si yao. Umma uliopitia pande zote mbili za jambo hili ungepaswa kuwa wa kwanza kufundisha watoto wake kusema bila matusi na bila kutetemeka.

Tena umma huu si mgeni wa misukosuko. Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suna mwaka 1844. Miaka 32 baadaye, mwaka 1876, vijana wa Kiislamu waliuawa kwa amri ya Kabaka Muteesa kwa sababu walishikilia dini yao, na Namugongo, ambako wengi wao wanakumbukwa, si mbali na hapa Bukoto. Dini haikuzimika. Ilibaki kwa kusomeshana majumbani, na matari yaliyotoka pwani yakawa matali ya Waganda, yanayopigwa kwenye maulidi na harusi hadi leo. Nani angeyakuta kama kila kizazi kingesubiri mambo yatulie?

WANAOTAKA KUTUNUNUA

Upande wa pili wa woga ni tamaa, na hapo pia tuna la kusema. Kabla ya uchaguzi alitujia mjumbe wa mgombea mmoja. Hatutaji chama, maana wa vyama vyote hufanya hivyo. Alitaka watoto wetu waimbe kwenye mkutano wake. Angelipa kodi ya madrasa ya mwaka mzima na kununua kanzu mpya kwa wote. Sharti lilikuwa dogo tu: jina lake liingie katika kiitikio.

Tulikataa. Baadhi ya wazazi walitukasirikia, na tunawaelewa, kwa sababu paa letu linavuja na mvua za Machi zilitukuta tukiweka ndoo chini. Lakini sauti ya mtoto ni amana kutoka kwa wazazi, na kabla ya wazazi ni amana kutoka kwa Allah. Mtoto aliyefundishwa kwamba kaswida huuzwa kwa anayetoa kanzu, kesho atauza kura yake kwa kilo ya sukari, na kesho kutwa atauza ushahidi wake mahakamani. Wanaotuambia "nyamazeni" na wanaotuambia "mwimbieni mheshimiwa" wanakubaliana jambo moja, kwamba sauti ya mtoto si yake.

KISWAHILI CHA ASKARI NA KISWAHILI CHA KASWIDA

Lipo jambo jingine ambalo ndugu zetu wa Mombasa na Zanzibar huenda hawalijui. Hapa Uganda wazee wengi wakisikia Kiswahili hukumbuka kizuizi cha barabarani na bunduki. Ilikuwa lugha ya kambi na ya kuamrisha watu wakae chini. Katiba iliifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua ifundishwe kwa lazima mashuleni. Lakini tangazo haliondoi kumbukumbu ya mtu aliyepigwa teke kwa Kiswahili.

Kinachoiondoa ni kumsikia mjukuu wake akimsalia Mtume (S.A.W.) kwa lugha ile ile. Tumemwona mzee aliyesema "lugha hiyo isiingie nyumbani kwangu" akijifunza kiitikio ili amsaidie mjukuu kukariri. Hilo halikufanywa na sheria.

TULICHOFANYA, NA TUNACHOWATAKA

Basi Desemba ile hatukuahirisha. Lakini pia hatukujitia ushujaa wa kijinga. Tulimwarifu mwenyekiti wa LC1 mapema. Tulihamisha shughuli kutoka baada ya isha hadi baada ya alasiri, ili watoto wawe majumbani kabla ya giza. Hatukutumia vipaza sauti. Nguo na bendera za rangi ya chama chochote zilibaki mlangoni. Watoto walitundika khati walizoandika kwa kalamu za matete kwenye vipande vya maboksi ya dukani, akina mama walitandika mikeka yao, na jirani zetu Wakristo walikuja wakaketi nasi. Yule binti, ambaye sasa ni mkubwa, alighani beti zake. Zote mbili. Hatukufuta neno. Baba yake alikuwa mstari wa mbele.

Na tarehe 13 Januari intaneti ilipozimwa na mji ukawa kimya, watoto walikuwa na kitu cha kufanya majumbani. Tumeambiwa na wazazi zaidi ya mmoja kwamba usiku ule waliimba kaswida hadi usingizi ukawachukua wadogo.

Tunawataka mambo matatu, enyi wazazi. La kwanza, msiwatoe watoto madrasa kila nchi inapochafuka. Wakati huo ndio wanatuhitaji zaidi, na sisi tunawahitaji. La pili, njoni nanyi mketi. Kaswida inayosikilizwa na waalimu peke yao ni mtihani, lakini ikisikilizwa na mtaa inakuwa udugu. La tatu, ikiwa ipo nyumba mnayoiogopa kuibishia hodi kwa sababu ya siasa, nendeni wawili wawili wiki hii. Pelekeni chochote.

Nabii Yaaqub (A.S.) alipopoteza wana hakuwaambia waliobaki wakae wangoje. Aliwatuma waende wakatafute, kisha akawakataza kukata tamaa na rehma ya Allah. Amri ya kwenda ilitangulia.

Uchaguzi mwingine utakuja, na neno lile lile litarudi: "Maalim, subirini." Jibu letu mmeshalipata. Watoto ni Jumamosi na Jumapili baada ya alasiri, na mlango uko wazi.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) awarudishe waliochukuliwa, awarehemu waliouawa, awaponye waliorudi wakiwa wamevunjika, na azifanye sauti za watoto wetu kuwa shahidi kwa ajili yetu na si dhidi yetu. Aamiyn.

Wabillahi tawfiq.